Boliti Zilizokazwa Gari Likiwa Hewani

Waliokuwa garajini Jumamosi waliona. Corolla AE110 ya familia, mbele iko juu ya stendi, magurudumu yamevuliwa, mikono ya chini imening'inia na bushi zake mpya. Fundi akachukua spana ndefu akazikaza boliti za bushi hadi mwisho, pale pale, kisha gari likashushwa. Alikosea, na kosa hilo limeharibu kazi ambayo kwa mengine yote ilikuwa safi.

Niyataje hayo mengine. Springi zilibanwa kwa kibanio chake badala ya kufungwa waya, shokapu zilibadilishwa zote mbili, rotuli zilipata pini mpya. Vizuri.

Sasa boliti. Bushi ile si beringi, haizunguki. Ni bomba dogo la chuma ndani, bomba kubwa nje, na mpira ulioshikana na yote mawili. Boliti ikikazwa, bomba la ndani linabanwa kwenye mabano na halisogei tena. Mkono ukipanda na kushuka, ni mpira peke yake unaojipinda. Kwa hiyo kabla ya kukaza lazima uangalie mkono umelala vipi. Ukikaza mkono ukiwa umening'inia, mpira unauchukua mlalo huo kuwa ndio wa kupumzikia. Unashusha gari, uzito unaupandisha mkono, na mpira tayari umepindika hata kabla gari halijatoka getini. Utabaki hivyo kama nguo inayokamuliwa, gari likienda au likiwa limeegeshwa. Lipeleke basi kwenye barabara ya Kasenyi, pale baada ya Bogoro inapoanza kuteremka kuelekea Ziwa Albert: kila shimo linaongeza msokoto juu ya msokoto. Mpira unachanika kingoni, mkono unaanza kucheza, ukikanyaga breki usukani unavuta upande mmoja, na tairi inalika vibaya. Mwenye gari anarudi akilalamika kwamba bushi zilizoletwa kutoka Kampala ni feki. Pengine ni feki kweli. Lakini hata ile halisi, iliyotoka kiwandani Japani, haidumu ikifungwa namna hiyo.

Kinachoniuma ni kwamba ulikuwa uamuzi. Jeki ya pili ilikuwa sakafuni, hatua mbili kutoka alipochuchumaa. Kijana wake aliisogeza, akamtazama, na fundi akatikisa kichwa akaendelea kukaza. Angeiweka jeki hiyo chini ya mkono, karibu na rotuli, akaupandisha hadi uzito wa gari uanze kutua juu yake, angekaza hapo na kazi ingekuwa imekwisha. Au angekaza kwa mkono tu, arudishe magurudumu, ashushe gari juu ya mbao nene ili apate nafasi ya kuingia chini, alibonyeze mara kadhaa likae vizuri, ndipo aivute spana. Mwongozo wa Toyota wenyewe unadai hivyo: kwanza gari litulie kwa uzito wake, kukaza kwa mwisho baadaye.

Nimelipigia kelele jambo hili katika safu hii, pamoja na wale ndugu zake wawili: kubadilisha shokapu moja na kuiacha ya upande wa pili imechoka, na kusokomeza vipande vya mpira katikati ya springi ili gari liinuke. Vipande hivyo bado vinauzwa mjini na bado vinafungwa. Vinaua safari ya springi, shokapu inagonga mwisho, na abiria wa nyuma ndiye anayelipa kwa mgongo wake. Sitaacha kusema.

Wazee waliojifunza kazi katika karakana za migodi ya Kilo-Moto walikuwa na subira.  Na aliyeshinda mbio za magari za Safari mwaka 1965, Joginder Singh, akiwa na mdogo wake Jaswant ndani ya Volvo PV544, alifanya kazi kwenye garaji ya baba yake kabla ya kushika usukani wa mashindano. Alirudi akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Mtu wa namna hiyo aliyajua magari kwa vidole vyake kabla hayajaanza kulia barabarani. Leo tunasubiri yalie ndipo tuulize.

Corolla ile bado inaweza kuokolewa, maana mpira hauchaniki siku ya kwanza. Mwenye gari asiende kupima mlalo wa magurudumu kwanza, kwa sababu vipimo vitakavyopatikana bushi zikiwa zimepindika havitabaki vilivyo zikilegezwa. Aanze na boliti. Gari lisimame juu ya mbao kwa magurudumu yake manne, boliti za bushi zilegezwe mpaka mpira ujirudishe wenyewe, gari libonyezwe, zikazwe upya. Ni kazi ya asubuhi moja na haihitaji kipuri chochote. Ifanyike kabla gari halijashika barabara ile ya Kasenyi.