Diski Moja, Mifumo Miwili

Komanda iko kilomita kama 75 kusini-magharibi mwa Bunia, pale barabara ya kutoka Bunia inapoingia katika barabara ya kitaifa namba 4 ya Kongo. Ukifika hapo sharti uamue: Mambasa na Kisangani, au Eringeti na Beni. Mji wa njia panda haukosi sekretaria: kibanda chenye meza, mashine ya fotokopi, paneli ya jua juu ya bati, na kijana anayechapa barua ya mtu ya kuomba kazi huku akimwekea mwingine nyimbo kwenye simu. Katika kibanda cha namna hiyo, chini ya rundo la waya, hutashangaa kukuta netibuku, Acer Aspire One au Asus Eee PC. Vikompyuta hivi vilifurika duniani kuanzia mwaka 2007, vikauzwa sana kwa miaka michache, kisha watengenezaji wakavisahau.

Nataka kuisifu kazi moja inayofanyiwa mashine hizo: kuziwekea Linux kando ya Windows ya zamani, ili anayewasha achague. Wapo wanaosema hiyo ni kazi ya asiyejua kuamua. Kama Windows imechoka, ifute, anza upya. Mimi fundi mwepesi wa kufuta simwamini. Gharama ya kufuta hulipwa na mwenye mashine, siku atakapotafuta hesabu za kakao za mwaka juzi, au atakapogundua kuwa printa yake ilikuwa inaitii Windows peke yake.

Na hilo la printa si dogo. Printa nyingi za bei ndogo hazina programu ya kuziendesha katika Linux, na sekretaria isiyochapa inafunga mlango. Kwa hiyo Windows inabaki, ingawa Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Inabaki kwa ajili ya karatasi, bila kupelekwa kwenye intaneti. Linux inachukua kazi nyingine zote, ya kwanza ikiwa kupokea flashi za wateja. Flashi inayozunguka kutoka mkono hadi mkono huja na virusi vinavyoficha folda na kuacha mahali pake njia za mkato zenye majina yale yale. Mwenye flashi anatoka jasho: picha za harusi zimekwenda! Fundi anaichomeka upande wa Linux, na folda zote zinaonekana, kwa sababu Linux haijali alama ile ya kuficha. Virusi vyenyewe vipo hapo hapo, ila viliandikwa kwa ajili ya Windows, hivyo havina la kufanya. Anavifuta kimoja kimoja.

Kuna sababu nyingine ya kuiheshimu mashine hii. Kichakataji cha Atom N270, kilichomo katika nyingi ya netibuku hizo, kinakula wati 2.5 tu, na chaja za baadhi ya Eee PC ni za volti 12, volti zile zile za betri ya gari. Mahali ambapo umeme ni wa jua au wa jenereta, hiyo ni sifa ambayo kompyuta kubwa za dukani hazina.

Kazi yenyewe haianzi na Linux. Inaanza na kunakili kila kitu nje, hata kile ambacho mwenyewe anasema hakitaki. Halafu inakuja hesabu ya diski, na hapa ningependa tukae kidogo. Sekta ya kwanza ya diski za aina hii ina baiti 512. Kati yake 446 ni za programu fupi ya kuwashia, 64 ni za jedwali la sehemu za diski, mbili za mwisho ni alama tu. Kila sehemu inaandikwa kwa baiti 16, kwa hiyo jedwali lina nafasi nne, basi. Sasa, baadhi ya Eee PC zilitoka kiwandani nafasi zote nne zimeshajaa: C, D, sehemu ya kurudishia Windows, na kijisehemu cha megabaiti chache cha kuharakisha kuwaka. Asiyejua atahangaika kwa nini programu inakataa kuunda sehemu mpya ilhali nafasi tupu anaiona. Anayejua anahamisha mafaili ya D, anaifuta hiyo peke yake, na mahali pake anaunda sehemu pana inayoweza kubeba nyingine ndani yake. Linux inapata makao, na C haijaguswa.

Penye C peke yake, lazima ipunguzwe. Huo ndio wakati wa kuogopa, maana data inahamishwa kutoka mwisho wa diski kuelekea mwanzo, na betri ya netibuku ya umri huu mara nyingi haishiki hata dakika tano. Umeme ukikatika katikati, kilichokuwa kinahamishwa kinaweza kupotea. Fundi mzuri haanzi jenereta ikiwa imebakiza mafuta ya kukisia. Ataambiwa anachelewesha, na atachelewesha.

Baada ya hapo kuna mambo madogo yanayomtenga mzoefu na mgeni. N270 ni ya biti 32, na Linux ya Debian 13, ya Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine hizo. Kwa hiyo anatumia Debian 12 au antiX, na flashi yenye nakala hiyo anaitunza, kwa maana kuipakua upya kwa megabaiti za simu ni hela. Kioo kina pikseli 600 tu kwenda chini, hivyo kitufe cha kuendelea huweza kujificha nje ya kioo. Anashika Alt na kuliburuta dirisha juu kwa kipanya. Windows ikiwekwa upya baada ya Linux, inaandika juu ya zile baiti 446 na menyu ya GRUB, ile ya kuchagulia mfumo, inatoweka, kwa hiyo Windows hutangulia daima. Na GRUB ikikwama na kumwomba aandike amri, inadhani kila kibodi ni ya Kiingereza. Kwenye kibodi ya Kifaransa, iliyojaa Kongo, ukibonyeza A inatoka q, na ukitaka m lazima ubonyeze mkato. Nimewaona watu wakiitukana diski nzima bila kosa lake.

Mwisho kuna saa. Windows huisoma saa ya mashine kama saa ya hapa, Linux huisoma kama saa ya Greenwich, na kila unapovuka kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine muda unaruka saa mbili. Amri moja upande wa Linux inamaliza ugomvi huo. Kinachobaki ni kuchagua majira. Katika orodha Bunia haimo, na Kinshasa iko nyuma kwa saa moja. Fundi wa Komanda anateremka hadi Lubumbashi, zaidi ya kilomita 1,000 kusini, anabonyeza hapo, kisha anamwita mteja aje alipe.