Jubilee: Nasaba Inayofuata Tumbo la Mama

Ukiuliza habari za kutafuta ukoo katika fasihi ya Wamarekani Weusi, jina la kwanza utakalotajiwa ni Alex Haley na kitabu chake Roots (1976). Si ajabu, ndicho kilichovuma. Lakini miaka 10 kabla yake, Margaret Walker (1915–1998) alikwishatoa riwaya ya Jubilee (1966), inayofuatilia maisha ya mama mzazi wa bibi yake, mwanamke wa shamba huko Georgia katika karne ya 19. Katika riwaya anaitwa Vyry. Makala haya yanadai kwamba Walker amelikabili tatizo la nasaba ya mtumwa kwa uaminifu zaidi kuliko Haley, na kwamba wanaomwona Vyry kuwa mhusika mnyonge hawajalitazama tatizo hilo sawasawa.

Tatizo lenyewe ni hili. Mwaka 1662 koloni la Virginia lilipitisha sheria kwamba mtoto atafuata hali ya mama yake: mama akiwa mtumwa, mtoto naye mtumwa, hata kama baba ni nani. Makoloni mengine ya Kusini yakafuata mkondo huohuo. Kwa hiyo tumbo la mama likawa kiwanda cha mali ya bwana. Halafu, katika sensa za 1850 na 1860, watumwa waliorodheshwa chini ya jina la mwenye mali: umri, jinsia, rangi, basi. Majina yao kwa kawaida hayakuandikwa. Ni sensa ya 1870, miaka mitano baada ya utumwa kukomeshwa, iliyoanza kuwaandika wote kwa majina. Anayefuata karatasi peke yake atagonga ukuta hapo. Sheria ilimfuata mama ili imiliki watoto wake, lakini karani hakuona haja ya kuliandika jina la mama huyo.

Walker anauingia ukuta huu tangu ukurasa wa kwanza. Riwaya inafunguliwa na kifo cha Hetta, mwanamke ambaye hajafika hata miaka 30 na amekwisha kuzaa mara 15. Mtoto wake Vyry bado mdogo sana. Baba yake Vyry ni bwana mwenyewe, John Dutton, na shamba zima linalijua hilo. Vyry anafanana na Lillian, binti wa ndoa, kama pacha wake, na kufanana huko ndiko kunakomletea chuki ya Salina, mke wa bwana. Wahenga wetu husema kitanda hakizai haramu. Kwa akina Dutton kitanda kilizaa watoto wa aina mbili: mmoja mrithi, mwingine sehemu ya urithi. Msanii hapigi kelele kuhusu jambo hili. Anawaweka wasichana wawili katika nyumba moja, mmoja akimtumikia mwenzake, nasi tunajionea wenyewe.

Sasa tujiulize, Walker aliyajuaje haya? Aliyapata kwa bibi yake, aliyekuwa akimsimulia kisa cha mama yake tangu Walker akiwa mtoto. Bibi huyo ndiye Minna wa katika riwaya, binti wa Vyry. Walker alianza kuandika mwaka 1934 akiwa mwanafunzi, na alimaliza mwaka 1965 kwa ajili ya shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Iowa. Miaka 30! Katika muda huo alipekua kumbukumbu na vitabu vya historia, lakini uti wa mgongo wa kisa ulibaki kuwa sauti ya bibi. Ndiyo maana sura zinatanguliwa na vipande vya nyimbo na misemo ya watu. Fani hapa inatuonyesha maudhui yametoka wapi.

Haley alitaka kufika mbali zaidi, hadi kwa babu mmoja Gambia. Mwaka 1981 wataalamu wa nasaba walionyesha kwamba mtumwa aliyedaiwa kuwa babu huyo alikuwa tayari katika nyaraka za Virginia kabla ya 1767, mwaka ambao meli ya Haley ilitia nanga. Walker hakujitia mtegoni hivyo. Jubilee haivuki bahari kutafuta shujaa wa kiume. Inaanzia kwa Hetta, kwenye kitanda cha uzazi, na kushuka kuukeni hadi kwa msimulizi.

Wapo wenzetu wanaosema Vyry hana msimamo wa kitabaka. Eti anasamehe mno, na Randall Ware, mhunzi huru mwenye ardhi yake, ndiye mwanamapinduzi. Hoja hii ina uzito. Ware mwenyewe anamshutumu hivyo karibu na mwisho wa riwaya. Lakini angalieni Vyry anavyojibu. Anawafunulia wanaume wawili, Ware na mumewe Innis Brown, mgongo wake wenye makovu ya viboko. Hajui kusoma, hana cheti chochote, na mgongo huo ndio hati pekee aliyoachiwa na akina Dutton. Mtu aliyeonyesha ushahidi wa namna hiyo, kisha akakataa kuishi kwa chuki, hawezi kuitwa mnyonge kirahisi.

Hata hivyo, kitabu kina kasoro. Sehemu ya pili, ya vita vya 1861 hadi 1865, imejaa historia inayosomeka kama muhtasari wa mhadhara, na kwa kurasa nyingi Vyry anatupotea. Hapo maktaba imemzidi nguvu bibi. Kisa kinapona pale tu kinaporudi jikoni, kwenye safari ya Alabama, kwenye nyumba iliyochomwa moto na kwenye uzazi anaousimamia Vyry kwa mikono yake.

Kwetu sisi tunaofundishwa fasihi simulizi kama somo, Jubilee inauliza swali gumu. Huwa tunayachukua masimulizi ya bibi, tunayapanga katika tanzu, kisha tunakimbilia nyaraka kutafuta ukweli. Kwa ukoo wa Vyry, nyaraka ndizo zilizonyamaza, na aliyesema ni bibi.