Kujifunza Maneno ya Hadithi ya Akili

Imekuwa desturi ya walimu wa lugha kumpa mwanafunzi orodha ya maneno magumu kabla hajaifungua hadithi. Kwa hadithi nyingi desturi hii haina ubaya. Lakini karatasi moja niliyoiona hapa Wambaa, ya maneno ishirini na maana zake, ilikuwa ya "Flowers for Algernon", na kwa hadithi hiyo, kwa maoni yangu, orodha inamdhulumu msomaji.

Daniel Keyes aliichapisha mara ya kwanza mwaka 1959, kisha akaipanua ikawa riwaya mwaka 1966. Ni hadithi ya kubuni ya kisayansi isiyo na chombo cha angani hata kimoja. Charlie Gordon, mfagiaji wa kiwanda, mtu mzima wa miaka 37 mwenye akili ya kitoto, anapasuliwa ubongo ili akili yake iongezeke mara tatu, kama alivyokwisha kufanyiwa panya aitwaye Algernon. Yote tunayapata katika shajara anayoiandika mwenyewe. Mwanzoni tahajia imepotoka. Siku anapofundishwa alama ya mkato anaimwaga kila mahali. Baadaye yanakuja maneno marefu ya kitaalamu. Kisha panya anaanza kupotewa na akili, na maneno ya Charlie nayo yanaondoka moja moja. Anaisoma makala aliyoiandika kwa mkono wake, na pako mahali haelewi.

Basi, msomaji, akili ya Charlie hatuipimi kwa namba, tunaipima kwa maneno. Neno kama "nadharia" linapotokea linatakiwa litushtue: huyu kalipata wapi? Aliyelikariri tangu Jumatatu hashtuki. Orodha na iandikwe baada ya kusoma, tena na mwanafunzi mwenyewe: neno gani liliingia siku gani, na lilitoka siku gani.

Lipo jambo jingine, nalo linanigusa zaidi. Mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, kwa Kiswahili Charlie angeandikaje?" Swali zito hilo. Tahajia yetu hufuata sauti, kwa hiyo nafasi ya kukosea ni ndogo. Mfasiri mvivu atamfanya Charlie aseme kishamba, na akishaerevuka aseme Kiswahili sanifu. Na kishamba hicho ndicho chetu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja cha mjini kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kipemba, lugha ya kisiwa kilichotoa washairi Kamange na Sarahani, kikabaki nje ya vitabu vya skuli.

Tazama maneno yenyewe. "Mshamba", yaani mkaazi wa shamba, limekuwa tusi. "Mjinga", katika pwani ya karne ya 19, aliitwa mgeni aliyefika karibuni, hasa mtumwa mpya asiyejua bado lugha na desturi za wenyeji. Leo ni mtu asiyejua kitu. Kilichopimwa hapo hakikuwa akili. Ulipimwa umbali wa mtu na mji.

Mimi ningemwacha Charlie akate maneno pasipokatika, aandike "nime kwenda" na "kwa nza", arudie neno moja mara tano kwa kukosa jingine, asijue sentensi inaishia wapi. Hata "selasini" badala ya "thelathini" ningeiepuka, kwani hivyo ndivyo wanavyotamka watu wengi wenye akili zao timamu.

Ndani ya hadithi kuna kijana mwosha vyombo anayevunja sahani mkahawani. Wateja wanamcheka, na Charlie, ambaye wakati huo ni mwerevu kuliko wote, anacheka nao, mpaka anapotanabahi kuwa jana tu alikuwa yeye. Hapo ndipo anaposimama na kuwakaripia. Tukimpa Charlie wa mwanzo Kipemba, msomaji wa mjini atakuwa ameshacheka tangu ukurasa wa kwanza, na wa Wambaa atafika kwenye sahani zile akiwa ameshakifunga kitabu.