Mafia 1915: kuusoma mhuri uliogongwa juu ya stempu

Waingereza walikitwaa kisiwa cha Mafia Januari 1915 kwa ajili ya manowari moja. Königsberg ya Wajerumani ilikuwa imejichimbia katika delta ya Rufiji baada ya kuizamisha Pegasus, manowari ya Waingereza, bandarini Unguja mwezi Septemba 1914, na Mafia ikawa kituo cha ndege za kuisaka hadi ilipoangamizwa Julai 11. Kisiwani kulihitajika pia huduma ya posta, na huko ndiko zilikotoka stempu zinazowatesa wakusanyaji mpaka leo.

Kazi ilifanywa kwa mkono. Stempu za Kijerumani zilizotekwa, zenye picha ya Hohenzollern, meli ya Kaiser, ziligongwa mhuri wenye maneno G.R. MAFIA, yaani zimeingia chini ya Mfalme George. Baadaye mwaka huohuo zilipewa bei mpya ya senti 6, iwe stempu ilikuwa ya heller 2½ au ya rupia 2. Stempu za ushuru za Kijerumani nazo zikageuzwa kuwa za barua, kisha zikafuata za India zenye herufi I.E.F., zilizoandaliwa kwa ajili ya vikosi vya India vilivyokuwa vitani.

Stempu za mwaka 1917 zenye herufi G.E.A. (German East Africa) zilipitia mtamboni, kwa hiyo herufi na nafasi zake zinapimika. Mkono haupimiki hivyo. Mhuri huinama, wino hujaa hapa na kufifia pale, nao mghushi hahitaji zaidi ya mhuri wa kuchonga na stempu halisi ya Kijerumani, ambayo bei yake ni ndogo. Ndiyo maana siamini uamuzi wowote unaotegemea umbo la herufi peke yake.

Kinachosaidia zaidi ni mpangilio wa wino. Maneno ya Mafia yaligongwa kabla stempu haijauzwa. Mhuri wa posta wenye tarehe ukaja baadaye. Basi pale mihuri miwili inapokutana, wa tarehe lazima ulale juu. Ukitazama kwa lenzi kali, mwanga ukitoka ubavuni, ukakuta G.R. imepanda juu ya tarehe, basi mtu aliipamba stempu iliyokwisha kutumika. Rangi zikifanana, jicho linaweza kudanganyika, na hapo inafaa hadubini ya mtaalamu.

Bahasha inaongeza ushahidi ambao stempu haiwezi kuubeba. Mhuri wa tarehe uvuke ukingo wa stempu na kuendelea kwenye karatasi bila kukatika. Alama ya mkaguzi wa barua za vitani, mhuri wa ofisi iliyopokea upande wa nyuma, na njia ambayo barua ingeweza kupita siku zile, vyote vikubaliane. Stempu ikishabanduliwa, ushahidi huo umepotea kabisa, na inaniuma kila ninapoiona imebandikwa peke yake kwenye albamu, safi, haina cha kusema.

Hata bahasha nzima inataka kuulizwa. Iliyosheheni stempu za kila thamani, kupita mahitaji ya barua moja, iliandaliwa kwa ajili ya mkusanyaji, ingawa ilipita posta kihalali. Mimi ningeiacha nichukue ile iliyochakaa, yenye stempu moja ya senti 6 na anwani iliyoandikwa kwa haraka.