Plastiki inayoyeyuka kwa nyuzi 60: barakoa ya tiba ya mionzi inavyoshika kichwa

Mgonjwa wa saratani ya koo au ya nyuma ya pua hapewi mionzi yote kwa siku moja. Mpango uliozoeleka duniani ni Grei 70 (Grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) zilizogawanywa mara 35: Grei 2 kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki saba. Kila mara kichwa chake sharti kilale palepale kilipolala mara ya kwanza, kidevu kikiwa kwenye pembe ileile, mabega yakiwa yameshuka vilevile. Uti wa mgongo uko sentimita chache nyuma ya koo. Tezi za mate ziko kando, neva za macho ziko juu. Kinachokizuia kichwa kisisogee ni karatasi ya plastiki yenye matundu, unene wa milimita 2 hadi 3, iliyofinyangwa juu ya uso wa mgonjwa mwenyewe kisha ikabanwa kwenye ubao wa meza ya matibabu.

Watu wa Bukavu wanakutana na plastiki hiyo ng'ambo ya mpaka. Kutoka mtaa wa Muhumba hadi mpakani Ruzizi ni safari fupi ya teksi. Ukishavuka, unapanda basi Kamembe, unapita msitu wa Nyungwe, unafika Kigali. Hospitali ya kijeshi ya Rwanda iliyoko Kanombe ilianza kutibu kwa mashine za LINAC, zinazotengeneza mionzi kwa umeme, mwaka 2019. Kwa mstari wa ndege, Kigali iko kama kilomita 150 kutoka kwetu Bukavu, na Kinshasa takriban 1,500. Kabla ya mashine za Kanombe hali ilikuwa ngumu zaidi katika ukanda huu wote: mashine ya Kobalti-60 ya Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago iliharibika kabisa mwaka 2016, na mpya ikazinduliwa Januari 2018. Mashine ndizo zinazoandikwa magazetini. Mimi nataka kuichambua barakoa, kwa sababu bila yake mashine ya mamilioni ya dola inalenga kitu kinachotembea.

Tupige hesabu. Chukua uvimbe wa duara wenye kipenyo cha sentimita 5. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 65 hivi. Daktari hawezi kupiga uvimbe peke yake. Anaongeza ukingo wa usalama kuuzunguka, kwa kuwa anajua mgonjwa hatalala sawasawa kila siku. Ukingo wa milimita 3 unafanya eneo linalopigwa kuwa sentimita za ujazo 92. Wa milimita 5, 113. Wa sentimita moja, 180, yaani karibu mara tatu ya uvimbe wenyewe. Tofauti hiyo yote ni nyama nzima isiyo na ugonjwa: ulimi, taya, tezi ya mate ambayo mtu ataihitaji maisha yake yote ili ameze ugali. Ukingo mdogo hauletwi na mashine pekee. Unaletwa kwanza na kichwa kilichotulia.

Zamani kazi hii ilifanywa kwa plasta. Uso ulifunikwa bandeji za plasta zilizolowa, mgonjwa akapumua kwa shida huku akisubiri ikauke. Kutoka kwenye ganda lile ikamwagwa sanamu ya kichwa. Sanamu ikapelekwa karakana, na juu yake ikavutwa karatasi ya plastiki ngumu, mara nyingi akriliki, iliyopashwa moto na kufyonzwa kwa pampu ya hewa hadi ikashika umbo. Sanamu ilikuwa ya lazima. Akriliki haiumbiki hadi ipite nyuzi 100 na zaidi, na hakuna uso wa binadamu unaovumilia joto hilo. Kwa hiyo mgonjwa alirudi hospitali mara kadhaa kabla hajapata hata siku moja ya tiba.

Waliotatua jambo hili walitafuta polima yenye tabia zinazokaribia kupingana. Ilainike kwa joto ambalo ngozi inalivumilia, lakini isilainike mwilini. Ikiwa laini ivutike bila kuchuruzika. Isigande mikononi mwa fundi, ila igande usoni ndani ya dakika chache. Na ikishaganda iwe ngumu, nyepesi, na iuache mwali upite.

Jibu lilikuwa limelala kwenye rafu za kemia tangu miaka ya 1930, pale Wallace Carothers wa kampuni ya DuPont, ambaye jina lake limefungamana na nailoni, na wenzake walipounda polikaprolaktoni. Kwa kazi nyingi polima hii haifai kwa sababu inayeyuka kwa nyuzi 60 tu. Kikombe chake kisingestahimili chai. Kwa kazi ya barakoa udhaifu huo ndio thamani yake. Beseni la maji ya nyuzi 65 hadi 70 linatosha. Hapa kwetu, mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwa nyuzi 95 hivi, na hata hivyo yanabaki na moto wa ziada. Hakuna tanuri, hakuna pampu, hakuna sanamu.

Ndani ya karatasi iliyopoa, sehemu ya minyororo ya polima imejipanga kuwa fuwele, na fuwele hizo ndizo zinazoipa ugumu. Sehemu iliyobaki haijajipanga, na hubaki laini hata kwenye baridi kali, ndiyo maana barakoa haipasuki ovyo. Maji ya moto yanayeyusha fuwele. Fundi anaona kwa macho: karatasi iliyokuwa nyeupe kama maziwa inakuwa angavu, na hapo anajua iko tayari.

Lakini kuyeyuka peke yake kungekuwa hasara, maana polima iliyoyeyuka huchuruzika. Ndipo watengenezaji wakaifunga minyororo pamoja hapa na pale, kwa kemikali au kwa kuipiga mwali wa elektroni kiwandani. Mafundo hayo yanafanya kazi ya mafundo ya wavu wa kuvulia samaki wadogo wa sambaza: uzi unalegea na kuvutika, ila wavu unabaki wavu. Karatasi moto sasa inanyoshwa toka paji la uso hadi mabegani, inakumbatia pua na kidevu, wala haianguki. Nalishangaa jambo hili kila ninapolifikiria: mionzi inaweza kutumika kuunda kitu kitakachomshika mtu apigwe mionzi.

Tabia ya tatu ndiyo inayoniteka zaidi. Polikaprolaktoni huyeyuka kwa nyuzi 60, lakini ikipoa haigandi kwa nyuzi hizo hizo. Inachelewa hadi joto lishuke karibu na nyuzi 40 au chini yake. Pengo hilo ni dakika chache za uhuru: karatasi inatolewa majini, inafutwa kwa taulo, inashuka joto hadi uso uweze kuipokea, na bado ni laini. Mgonjwa anahisi uvuguvugu, kisha anahisi inabana.

Inabana kwa sababu ya fuwele. Zinapoundwa, minyororo inasongamana na plastiki inapungua. Sehemu kubwa ya kupungua hutokea mapema, ila haiishi pale uso wa plastiki unapoonekana mgumu. Hapa ndipo naona hospitali nyingi zenye foleni ndefu zinapopoteza milimita zilizolipiwa kwa gharama kubwa. Barakoa ikivuliwa haraka inaendelea kusinyaa ikiwa haina kichwa ndani, na kesho yake itambana mgonjwa au itamlaza vibaya. Dakika 10 hadi 15 za kusubiri si dakika za kufidia foleni. Hali ya hewa nayo inahusika: chumba cha Dar es Salaam chenye nyuzi 32 bila kiyoyozi hakipoozi plastiki kama chumba cha nyuzi 20 cha Kigali au Bukavu. Na barakoa iliyokamilika isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Joto la humo linaweza kuzikaribia nyuzi 60, na umbo la wiki saba likaharibika mchana mmoja.

Kuna bei ambayo ngozi inalipa. Mwali wa LINAC wa megavolti 6 hufikia nguvu yake kamili kama sentimita moja na nusu chini ya ngozi, hivyo ngozi yenyewe inasalimika kiasi. Plastiki ikilala juu yake, safari ya mwali inaanza mapema na ngozi inapata dozi zaidi. Matundu na kuvutika vinasaidia, kwani karatasi iliyovutwa inakuwa nyembamba. Pale shingoni, penye mikunjo ya ngozi, fundi mwangalifu anaweza kukata dirisha, mradi ugumu usipotee.

Bei nyingine si ya ngozi. Mtu analazwa chali, uso umefunikwa, kichwa kimebanwa mezani, kisha wote wanatoka chumbani na mlango mzito unafungwa. Katika Kivu wapo watu wengi waliowahi kushikwa kwa nguvu. Kuwafunga uso bila kuwaeleza kila hatua, bila kuwapa kengele ya mkononi, bila kukata nafasi ya macho na mdomo inapowezekana, ni kuwaumiza upya. Karatasi za uso wazi zipo, na pale zinapotosha kwa ugonjwa wa mtu, naziona ni za kwanza kuombwa.

Kumbukumbu ya polima, yaani tabia yake ya kurudi bapa ikitiwa tena maji ya moto, imewapa wenye uhaba wazo la kutumia karatasi moja kwa wagonjwa wawili au watatu. Naelewa kinachowasukuma. Hata hivyo kila kuvutwa kunaiacha nyembamba mahali fulani, matundu hayalingani tena, na kusafisha karatasi iliyolala mdomoni mwa mtu si kuisuuza tu. Fungu la kununulia karatasi mpya ni dogo mno likilinganishwa na gharama ya wiki saba.

Na katika wiki hizo saba mgonjwa anabadilika. Koo linachubuka, chakula hakipiti, mashavu yanaingia ndani. Plastiki haijui hilo. Bado ina uso wa siku ya kwanza. Kidole kikipita kwa urahisi kati ya shavu na barakoa, ni lazima daktari aambiwe, maana huenda ikahitajika karatasi mpya, picha mpya za CT na mpango mpya wa mionzi. Kwa familia iliyotoka Bukavu na kupanga chumba Kanombe, hizo ni siku za ziada za kodi na chakula. Ndiyo maana uji wenye nguvu, maziwa na mpira wa kulishia puani vinahitaji kujadiliwa mapema, siku ileile beseni la maji linapowashwa.