Manowari Mbili, Jicho Moja

Shauri la kuzipigisha mizinga manowari mbili kwa wakati mmoja, siku ya tarehe 6 Julai 1915, ilhali aliyekuwa angani kuangalia makombora yanapoanguka alikuwa mmoja tu, lilikuwa shauri bovu, na ubovu wake hauhitaji mwanachuoni wa vita kuubainisha. Yamtosha mtu aliyewahi kukaa mbele ya redio akaitwa na vituo kumi kwa mpigo. Nalirejea hapa kwa sababu vijana walioingia karibuni katika redio ya ridhaa, wenye ghera ya kuchukua kituo begani na kwenda kushindana wakiwa kisiwani Chole, Mafia, katika mashindano ya visiwa ya Julai, wanajiandaa kulitenda kosa lile lile.

Kisa chenyewe wasomaji wangu wanakijua. Königsberg, meli ya vita ya Wajerumani, ilikuwa imejificha ndani ya delta ya Rufiji. Waingereza wakaitwaa Mafia mwezi wa Januari, wakafyeka uwanja wa ndege, na zikaja Severn na Mersey, manowari za kina kifupi ziwezazo kuingia mitoni. Kwa kuwa mikoko iliwakinga wapigaji wasimwone adui, ndege ilipaa kutoka Mafia ikiwa na simu ya upepo, na mwangalizi akawa anapeleka habari kwa Morse: limepita, limepungua, limekwenda kushoto. Sasa itazame kazi ya mkono ule. Kombora la Severn na kombora la Mersey yaanguka karibu kwa pamoja, maji na matope yaruka mahali pawili, na mwangalizi hana alama ya kumjulisha lipi ni la nani. Apeleka sahihisho lake, na kabla herufi hazijakwisha kugongwa mitutu imekwishalia tena, hata Severn ikawa yajirekebisha kwa kosa la Mersey, na Mersey kwa kosa la Severn.

Makombora zaidi ya 600 yalipigwa siku ile, yaliyompata adui yakawa ya kuhesabika kwa vidole, na Mersey yenyewe ikapigwa ikapoteza watu. Wapo wanaozilaumu ndege, kwamba zilikuwa dhaifu na joto la pwani likizilemea. Siikubali hoja hiyo hata kidogo, kwani siku tano baadaye kazi ilifanywa kwa ndege za namna ile ile, kwa simu ya upepo ile ile. Kilichokosekana tarehe 6 ni nidhamu ya kumpa mtu mmoja zamu yake hadi amalize, na nidhamu hiyo haikuhitaji chombo kipya wala fedha ya ziada.

Tarehe 11 Severn ilipiga peke yake, Mersey ikingoja zamu, na alasiri ile ile Königsberg ikawa imekwisha.

Lakini Harwood Arnold simpiti kwa mstari mmoja. Mkanada huyu alikuwa mwangalizi katika ndege ya John Cull, na injini yao ilipovunjwa kwa kombora la adui, ndege ikawa inashuka bila nguvu kuelekea mtoni, yeye aliendelea kupeleka masahihisho, makombora yakasogezwa kutoka sehemu ya mbele ya meli hadi katikati, naye akajulisha pia kwamba wamepigwa na kuomba mashua. Waliangukia majini karibu na Mersey, wakaokolewa wote wawili. Hicho ndicho kituo cha kutembea, na sijaona kwa hawa wa leo, wanaotegemea kioo cha kompyuta kiwaonyeshe nani yuko masafa gani kabla sikio halijamsikia, mkono wa kulinganishwa na ule.

Basi nawaona vijana wetu wakipanga redio mbili na antena mbili, moja kwa megahezi 14 na nyingine kwa 21, zote zimtegemee mtu mmoja mwenye sikio moja la kuaminika. Ni manowari mbili tena! Chole haina gari. Utakachotumia kitavuka kwa mashua kutoka Utende kisiwani Mafia, na kusi la Julai halina huruma kwa mizigo, kisha utakibeba begani. Redio ya wati 100 hunywa kiasi cha ampea 20 inapotuma, kwa hiyo betri ya kubebeka itakufa kabla ya usiku. Ipunguze hadi wati 10, simamisha waya wa mita 5 kwa megahezi 14 pwani kabisa, juu kidogo ya alama ya bamvua, kwani maji ya chumvi huyabeba mawimbi ya pembe ya chini vyema kuliko mchanga mkavu wa ndani. Usishindane ukiwa ndani ya chombo, maana kanuni zataka kituo kiwe nchi kavu. Na wakikuita kwa wingi, kwa kuwa kisiwa chako ni adimu na wewe ndiwe unayetafutwa, shika herufi mbili za alama ya mmoja, mmalize huyo, usimjibu mwingine hata akipiga kelele namna gani.

Wala tusisahau tulikotoka. Zanzibar, iliyokuwa na alama yake ya wito ya VQ1 na hesabu yake yenyewe, ilifutwa katika DXCC, orodha ya Wamarekani ya nchi za redio ya ridhaa, kwa mawasiliano yote ya baada ya tarehe 31 Mei 1974, na dhuluma hiyo sitachoka kuisema. Heshima ya visiwa vyetu ilihifadhiwa na mpango wa visiwa wa Mwingereza Geoff Watts, ulioanza mwaka 1964, ambamo Unguja, Pemba na Mafia kila kimoja chahesabiwa peke yake.

Mashindano ya mpango huo hufanyika wikiendi kamili ya mwisho ya Julai, yakianza Jumamosi saa tisa alasiri kwa saa zetu na kudumu saa 24. Anayetaka kuingia na apeleke maombi ya leseni kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, mapema, na redio ya pili aiache nyumbani.