Mjeledi Usiokuwepo: Sherlock Holmes Alivyojengwa katika Riwaya ya Kwanza

Anayeanzisha mfululizo wa riwaya za upelelezi ana kazi mbili kwa mpigo. Kuna mauaji ya kufumbua, na kuna mpelelezi ambaye msomaji hamjui wala hana sababu ya kumwamini. Hii ya pili ndiyo nzito, kwa sababu mauaji huishia kitabuni, ilhali mpelelezi anapaswa kutamaniwa tena kitabu kikishafungwa.

Arthur Conan Doyle aliikabili kazi hiyo mwaka 1886, akiwa daktari kijana huko Southsea, Portsmouth. Wachapishaji Ward, Lock walimlipa pauni 25 kwa haki zote za A Study in Scarlet, ikatoka mwaka 1887 katika Beeton's Christmas Annual. Uchambuzi huu unamtaja muuaji. Asiyetaka kumjua mapema aisome riwaya kwanza.

Mbinu kuu ya Doyle ni kukopa imani ya msomaji na kuilipa kwa awamu. Deni la kwanza ni dogo. Holmes anakutana na Watson, msimulizi wa riwaya, katika maabara ya hospitali ya St Bartholomew's na papo hapo anamwambia kwamba ametoka Afghanistan. Amejuaje? Hasemi. Jibu linakuja sura ya pili: uso uliochomwa na jua ilhali vifundo vya mikono ni vyeupe, mkono wa kushoto ulioumia, udaktari unaokwenda pamoja na mwenendo wa kijeshi. Deni la pili linafuata hapo hapo. Mtu anaonekana barabarani kupitia dirishani, na Holmes anasema ni sajini mstaafu wa wanamaji. Kidogo tu mtu huyo anaingia na kuthibitisha kwa kinywa chake. Maelezo yanatolewa mwanzoni mwa sura ya tatu, likiwemo lile la nanga ya buluu iliyochorwa nyuma ya kiganja chake.

Mpaka hapo hatujaoneshwa maiti. Msomaji ameshalipwa mara mbili, na sasa Doyle anaweza kukopa kikubwa. Katika nyumba tupu karibu na Brixton Road amelala Enoch Drebber, Mmarekani wa Cleveland, na ukutani limeandikwa kwa damu neno RACHE. Holmes anakagua, kisha anataja sifa za muuaji: mwanamume mwenye urefu wa zaidi ya futi sita, aliyevaa viatu vya ncha za mraba, mvutaji wa sigara ya Trichinopoly, aliyefika na marehemu kwa gari la farasi la magurudumu manne. Mengi kati ya hayo yanafafanuliwa sura ya nne. Yaliyobaki yanasubiri sura ya mwisho kabisa, ya 14. Msomaji aliyelipwa madeni madogo kwa wakati hana shida ya kungoja.

Ufundi wenyewe unaonekana zaidi katika sura hiyo ya nne. Konstebo John Rance, aliyeigundua maiti, anaeleza kwamba alimkuta mlevi mmoja getini akamwacha aende zake. Holmes anamuuliza kama mtu yule alikuwa na mjeledi mkononi. Hakuwa nao. Basi, Holmes anasema, lazima aliuacha. Mazungumzo yanasonga mbele, na Watson halishiki jambo hilo.

Fumbo lote limo humo. Tumeshaambiwa gari, tumeambiwa farasi, sasa tunaambiwa mjeledi, na bado hatumwoni mwendesha gari. Tukisikia kwamba watu wawili wamefika kwa gari, macho yetu hufuata abiria, na dereva tunamhesabu kama sehemu ya chombo. Sura ya mwisho inaeleza kwamba nyayo za farasi zilionesha alitangatanga pale nje, jambo ambalo lisingetokea kama angekuwepo wa kumshika. Dereva alikuwa wapi, kama si ndani ya nyumba? Muuaji, Jefferson Hope, ndiye dereva, na kazi hiyo ndiyo iliyomwezesha kumwandama adui yake London nzima bila kutiliwa shaka.

Siri kama hiyo isingekaa kama msimulizi angekuwa Holmes mwenyewe. Watson anaona kila kitu na kuripoti kwa uaminifu, ila hajui kipi kina uzito, kwa hiyo kidokezo kinapita mbele yetu bila kufichwa. Wasomaji wa Kiswahili wanaufahamu uhusiano wa namna hii kupitia Bwana Msa na mwenziwe Najum, katika mfululizo wa Muhammed Said Abdulla ulioanza na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960.

Riwaya ina kasoro mbili, na zote zina funzo. Holmes alipeleka telegramu Cleveland, na jibu lilimtaja Jefferson Hope kwa jina. Sisi tunaona telegramu ikitumwa, lakini jibu tunanyimwa hadi mwisho. Kwenye mjeledi tulishindwa kwa haki, kwenye telegramu tulifichiwa. Pili, muuaji akishakamatwa katika sura ya saba, sauti ya Watson inakatika, na kwa sura tano tunapelekwa Utah kwa msimulizi asiyejulikana, katika picha kali ya Wamormoni iliyochorwa na mtu ambaye alikuwa bado hajafika huko. Sababu ya kisasi tunaipata, lakini mpelelezi tuliyefundishwa kumpenda hayupo. Katika The Sign of Four ya mwaka 1890 Doyle alirekebisha: mhalifu anasimulia maisha yake kwa mdomo wake, mbele ya Holmes na Watson, katika sura moja ya mwishoni.

Kwa anayeandika leo riwaya ya kwanza ya mpelelezi wake, nashauri zoezi moja. Pitia mswada, weka alama kila mahali mpelelezi anapodai kujua jambo, na alama nyingine pale anapoeleza amelijuaje. Ikiwa maelezo ya kwanza yanakuja baada ya maiti, umemkopa msomaji kabla hujamlipa hata mara moja. Anza na deni dogo, ulilipe mapema, ndipo umpeleke kwenye maiti.